Cherehani Tuliyoachiwa

Kazi yangu ni kusikiliza watu nisiowajua na kuandika wanachosema. Nikimwambia mtu hivyo hapa Bungoma, ananitazama kama askari kanzu. Si uaskari, bana. Kuna watu ng'ambo wananitumia sauti zilizorekodiwa, mimi navaa hedifoni, naandika neno kwa neno, narudisha. Sheria ni chache. Usipambe, usipunguze, usirekebishe mtu akikosea. Ukifika mahali sauti imefifia kabisa, unaweka alama kwamba haisikiki, na dakika yake. Huwa nafanya kazi asubuhi, kwa sababu mchana mvua ikianza kupiga mabati huwezi kusikia hata mlango wako ukibishwa.

Mwaka huu waliniletea wazee wa Kanada. Watu wa huko waliona wazee wao wanaisha, wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba wakiwauliza waliishi vipi wakati wa ile vita kuu ya pili, na baada yake. Kwa wiki tatu niliishi Kanada bila pasipoti. Nilijua sukari ilikuwa inanunuliwa kwa kuponi. Nilijua watoto walikuwa wanakusanya mafuta yaliyobaki kwenye sufuria, na mifupa, na vyuma vya zamani, vikatengenezwe silaha. Wanawake walifunga vitambaa kichwani wakaingia viwandani kuunda ndege na mabomu, halafu wanaume waliporudi wakaambiwa asanteni sana, sasa rudini jikoni. Bibi mmoja bado alikuwa na hasira kwa hilo, na mimi nikamwandika kwa moyo wote. Mzee mwingine alieleza vile alirudi kutoka vitani, mtoto wake wa miaka minne akamkimbia akajificha chini ya meza, akakataa kutoka hadi mgeni aende zake. Nilicheka, nikafuta machozi, nikaandika. Niliwapenda hao watu. Nilikuwa najiambia, si hawa ni kama sisi tu, ni vile wana theluji.

Halafu akaja nyanya mmoja mwenye sauti ya kukwaruza.

Alikulia mji mdogo wa wavuvi, pwani ya magharibi ya nchi yao. Jirani zao wa karibu walikuwa watu wa asili ya Kijapani, na watoto wao walizaliwa hapo hapo Kanada, wakasoma naye darasa moja. Vita na Japani vilipoanza, serikali yao ikasema watu wote wa asili hiyo waondoke pwani, hata mtoto wa juzi. Kwanza walinyang'anywa boti. Kisha watu wenyewe wakapelekwa bara kwenye kambi, na kile tu mtu aliweza kubeba kwa mikono. Siku moja kabla ya kwenda, mama wa jirani alikuja kwa mlango wa nyuma na cherehani yake. Akaiweka jikoni. Akamwomba mama ya huyu nyanya amtunzie hadi atakaporudi.

Hapo nikasimamisha sauti. Nikavua hedifoni nikaziweka mezani, na nikatazama meza.

Kompyuta yangu sijaiweka kwenye meza ya kawaida. Naiweka juu ya cherehani. Ni zile za zamani za kukanyaga kwa miguu, nyeusi, yenye michoro ya dhahabu iliyofifia, na meza ya mbao yenye droo mbili. Kichwa cha mashine kinakunjwa kinalala ndani, unafunika, unapata meza nzuri kabisa. Wageni huniuliza niliitoa wapi. Nawaambia ni ya mama, alinipa macho yake yalipoanza kukataa uzi na sindano. Hawaulizi mama aliitoa wapi, na mimi siongezi.

Ilikuwa ya Mama Fundi.

Wakati huo tulikuwa tunaishi mashambani, nje kidogo ya Kitale. Mama ni mzaliwa wa Misikhu, aliolewa huko Kitale, baba akafariki nikiwa darasa la pili, tukabaki na ekari moja na nusu na ng'ombe mmoja mkaidi. Mama Fundi alikuwa jirani yetu, ua kwa ua. Watu wake walitoka upande wa kati ya nchi, wakanunua shamba hapo kabla sijazaliwa. Alikuwa anashona sare za shule zote za karibu. Jumamosi nilikuwa naenda kwake, ananifundisha kupinda pindo na kutia zipu, nikienda kombo ananigonga kidole kwa rula ya mbao. "Haiya! Hii ni mshono ama njia ya panya?" Mimi nacheka, yeye anacheka, ananiambia nifumue nianze upya. Nilimpenda zaidi ya shangazi zangu wote, na nina shangazi wengi.

Vita vya baada ya kura vilipofika kwetu nilikuwa naingia kidato cha tatu. Sitavieleza. Aliyekuwa huko anavijua. Nitasema tu kwamba ilibidi watu kama Mama Fundi waondoke, na watu kama sisi walibaki. Lori lilikuja kuwachukua saa nane mchana. Yeye akapanda na watoto na blanketi mbili. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amezungumza na mama: niwekee mashine, dada, nyumba wakichoma wachome, lakini mashine ndiyo mikono yangu. Mama akamwambia lete.

Aliyeileta kwetu ni mzee wa baiskeli. Huyu alikuwa fundi wa baiskeli pale njia panda, mtu wa kwetu, mpole lakini mchache wa maneno. Alikuwa mshirika wa kanisa moja na Mama Fundi, na yeye ndiye alikuwa anapitisha kikapu cha sadaka kila Jumapili, miaka mingi, hata hakuna aliyekumbuka nani alikuwa anakipitisha kabla yake. Alibeba mashine kwa baiskeli kwa safari mbili, kwanza meza na miguu, kisha kichwa. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimetumwa maji. Niliporudi nikaikuta ghalani nyuma ya mahindi, na mama akaniambia, usiseme kwa mtu.

Nyumba ya Mama Fundi ilichomwa siku ya tatu.

Mwezi wa kwanza mama hakuigusa. Mwezi wa pili aliitoa akashona kiraka. Mwezi wa tatu alikuwa anashonea watu wawili watatu waliojua kunyamaza. Nyakati hizo vitu vilikuwa vinatokea tu majumbani, mabati, masufuria, kitanda, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Kwetu pia kulitokea koti. Lilikuwa koti la kiume, la rangi ya udongo, zito, na likawa linaning'inia nyuma ya mlango. Mama alisema ni mitumba. Kitale asubuhi ni baridi ya kuuma masikio, nami sweta yangu ilikuwa imeisha viwiko. Mama alipunguza mikono ya lile koti, nikalivaa juu ya sare kwenda shule, na nililivaa hadi likachoka. Mwezi wa saba mama alitia mashine kwenye lori katikati ya magunia ya mahindi, ikaenda Misikhu kwa nyanya yangu.

Mama Fundi alirudi mwezi wa nane. Alikuja peke yake, na mkoba, na viatu ambavyo si vyake, vilikuwa vikubwa. Alisimama kwa uga wetu hakutaka kukaa. Akasema, "Dada, nimekuja kuona kama mashine yangu ilipona."

Mama akasema, "Walichukua. Haikufika kwetu. Pole sana."

Mama Fundi hakulia. Alimwangalia mama muda, halafu akanigeukia mimi. "Na wewe? Wewe huwezi kunidanganya. Ilienda aje?"

Nimejaribu mara nyingi kusema mama alinikanyaga mguu, au alinikonyeza. Hakunikonyeza. Alikuwa anatazama chini. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikasema: "Mzee wa baiskeli aliibeba akapita nayo hadi kwake. Nilimwona."

Kwa nini yeye? Watu wengi walikuwa wamemwona siku ile akitoka kwa Mama Fundi na kitu kimefunikwa kwenye karia. Uongo ulikuwa umeshasimama wenyewe, ulikuwa unangoja mtu tu wa kuusema. Na nilitaka Mama Fundi aache kunitazama vile.

Mambo yalipelekwa kwa mzee wa mtaa. Tuliitwa asubuhi, watu kama ishirini, kibaridi kikali, mimi na sare yangu na koti langu nimesimama mbele. Mzee wa baiskeli akaulizwa. Akasema, "Nilipeleka kwa hawa. Mara mbili. Wenyewe wako hapa." Mama akasema si kweli. Mimi nikaulizwa kama nilimwona akiibeba. Nikasema nilimwona. Akanitazama muda mrefu, kutoka kichwani hadi miguuni, akafungua mdomo kama anataka kusema kitu, akafunga. Mama mjane na msichana wa shule dhidi ya mzee mmoja mkimya. Yaliishia hapo. Hakufungwa, mwaka huo kulikuwa na kesi kubwa kuliko cherehani. Lakini Jumapili iliyofuata kanisani waliambiwa kikapu kitapitishwa na mtu mwingine, mzee apumzike kidogo. Hakuna aliyesema mwizi. Yeye akahama kutoka benchi la mbele, akaenda la nyuma kabisa, karibu na mlango.

Sisi tulihamia Misikhu kabla mwaka kuisha. Mama akapata kibanda sokoni, akashona. Cherehani ile ilinimaliza shule, ikanipeleka chuo, ikaninunulia hii kompyuta iliyokalia mgongo wake. Najua hayo yote. Siku zote nimeyajua.

Basi nikavaa tena hedifoni, nikamsikiliza nyanya wa Kanada.

Alisema jirani zao hawakurudi. Serikali iliuza nyumba zao na boti zao na vyombo vyao bila kuwauliza. Vita viliisha, watu wakacheza barabarani, askari wakarudi, na bado wale hawakuruhusiwa kukanyaga pwani. Waliambiwa wachague, wahamie mashariki ya milima au waende Japani, nchi ambayo watoto hawakuwahi kuiona. Wakaenda mashariki. Kutoka huko msichana wao, yule aliyesoma naye darasa moja, aliandika barua. Aliuliza kwa adabu kama cherehani ipo, kwa sababu mama yake angeweza kushonea watu wapate kula. Mama ya nyanya alisoma barua akaiweka chini. Akamwambia binti yake, wewe una mwandiko mzuri, mjibu mwenzako, mwambie iliuzwa na serikali pamoja na vitu vingine.

"Nikaandika," nyanya akasema. "Ilikuwa jikoni nyuma yangu. Nilihamisha kiti ili niipe mgongo."

Hapo sasa mimi, mtu mzima, mwenye cheti cha chuo, nilifanya jambo la kijinga kabisa. Nilirudi hadi pale cherehani inapoletwa, nikafuta yote niliyoandika kuanzia hapo, nikaweka alama: haisikiki. Dakika nne na nusu. Nikaendelea na maneno yake ya mbele, kuhusu harusi yake na keki isiyo na mayai. Nikatuma. Nikafunga kompyuta, nikaenda kununua mboga nikiwa natembea haraka kama mtu anayefuatwa.

Siku mbili baadaye wakanirudishia. Ujumbe ulikuwa mfupi na wa adabu: sauti katika sehemu hii ni safi, tafadhali sikiliza tena.

Nilikasirika! Nilimtukana mtu wa watu ambaye hata sijui sura yake. Ati sauti ni safi. Nilijua ni safi. Nilikaa chini nikaandika zile dakika nne na nusu neno kwa neno, vidole vikigonga juu ya mbao za Mama Fundi, na kila nikigonga kwa nguvu droo inacheza. Mwishoni yule anayehoji alimuuliza nyanya kama aliwahi kuwatafuta. Nyanya akanyamaza. Nikaandika kwamba amenyamaza. Kisha akasema, "Hapana. Kwanza nilikuwa na aibu. Halafu nikawa na shughuli. Halafu wakawa wamekufa."

Nilituma kazi nikapanda gari kwenda Misikhu.

Mama alikuwa amekaa kwa kivuli cha nyumba anachambua maharagwe kwa vidole, maana macho hayaoni tena mawe. Nikamsalimia, nikakaa, nikamwambia wazi: "Mayi, narudisha mashine."

Hakuuliza mashine gani. Akaendelea kuchambua.

"Ulisomeshwa na nini?" akasema.

"Na hiyo mashine."

"Na hiyo kompyuta ulinunua na nini?"

"Na hiyo mashine, mayi."

"Sasa unataka kuniambia mimi ni mwizi, wewe ni mtakatifu. Baba yako alikufa akaniachia nini? Nyumba ya yule mama ingechomwa na hiyo mashine ikiwa ndani. Mimi ndio niliiokoa." Sauti yake ilikuwa imepanda, jirani akachungulia. Mama akaishusha. "Rudisha. Lakini jina langu usilipeleke Kitale. Usiniletee aibu uzeeni."

"Na mzee wa baiskeli?"

Alitupa jiwe alilolipata kwenye maharagwe. "Huyo si ulimtaja wewe."

Ni kweli. Nilinywa chai yake, ilikuwa na sukari nyingi kama kawaida, nikaondoka bila kuagwa.

Mama Fundi hakuwa mgumu kupata. Alikuwa amerudi Kitale miaka mingi iliyopita, anashona barazani mwa duka la nguo, kwenye mashine ya kukodi. Mimi nimepita Kitale mara ngapi? Nilikuwa napitia barabara ya pili makusudi. Nilikodi pikapu kutoka Bungoma, tukaishusha mbele yake mimi na dereva. Alikuwa anapima kola. Alikuwa amezeeka usoni lakini mikono ilikuwa ile ile. Alitazama meza kwanza, kisha michoro, kisha mimi.

"Ngai," akasema polepole.

Akaja akafungua droo ya kushoto, kama mtu anayetafuta kitu alichoweka jana. Ilikuwa tupu. Akainua kichwa cha mashine, akakanyaga mara moja, gurudumu likazunguka. "Mmebadilisha mkanda," akasema.

"Mama alibadilisha."

"Ilikuwa kwenu."

"Ilikuwa kwetu. Tangu siku ile. Mzee wa baiskeli aliileta kwetu kama alivyosema. Mimi nilidanganya, mama. Naomba unisamehe."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kofi. Hata kelele ningeshukuru. Yeye alikaa kwenye kiti chake akaweka mikono mapajani. Wateja wawili walikuwa wanangoja, akawaambia wakuje baadaye. Kisha akaongea kama anajiambia mwenyewe.

"Yule mzee nimekuwa nikimpita kama nguzo ya stima. Miaka yote hii. Bibi yake alifariki, watu wakaenda matanga, mimi nikasema siwezi kula kwa mwizi. Kanisani akinipa mkono naangalia kando." Akanitazama. "Si ni wewe niliuliza? Mama yako nilijua anaogopa. Nikasema wacha niulize huyu, huyu nilimfundisha mimi."

Nilianza kulia. Akakasirika hapo sasa.

"Usinililie! Mashine ni chuma, ungekaa nayo. Ulisema yale maneno mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Jumapili ukuje kanisani. Utayatoa pale pale mbele ya watu."

Sikulala vizuri wiki hiyo, na Jumapili nilivaa nguo ambayo sijawahi kuivaa tena. Kanisa ni lile lile, wameongeza tu vigae na vipaza sauti. Wakati wa matangazo Mama Fundi alienda akamnong'oneza mchungaji, mchungaji akaniita. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi. Mtu anayeandika maneno ya watu kila siku, na yangu yalinishinda. Nilisema mimi ni mtoto wa fulani. Nikasema mzee hakuiba cherehani, aliileta kwetu akiombwa, sisi tukaificha, na mimi nikamsingizia. Mama sikumtaja zaidi ya hapo, lakini kila mtu mwenye miaka yangu alijua mama ni nani. Mtu mmoja upande wa akina mama akasema "woi" kwa sauti ndogo.

Mzee alikuwa benchi la nyuma, karibu na mlango. Amekuwa mdogo, kofia yake imekaa gotini. Hakuinua uso.

Ulipofika wakati wa sadaka, mhudumu, mama mmoja mnene wa makamo, alitembea na kikapu hadi nyuma kabla ya kuanza, akamwekea mzee mikononi. Watu wote wakageuka. Mzee akakishika ukingoni. Alijaribu kusimama, akashika benchi la mbele, magoti yakakataa. Akajaribu tena. Kisha akakaa, akampa kikapu jirani yake, kikaendelea kupita kama kawaida. Mimi nilikuwa natamani sakafu ifunguke.

Baada ya ibada nilimkuta nje amekaa ukutani juani, mkongojo kando. Mama Fundi alikuwa ametangulia kumsalimia, na sijui walisema nini, lakini alikuwa anapangusa macho akienda. Nikapiga magoti, mawe yakaniuma, nikasema, "Mzee, nisamehe."

"Kaa," akasema. "Utachafua nguo."

Nikakaa kando yake. Nilidhani ndiyo hiyo tu, kwamba tutakaa kidogo halafu niende.

"Ile siku," akasema, "vijana walikuwa wamesimama kwa barabara na mapanga. Ile meza nilipita nayo, walidhani ni ya kwangu. Lakini kichwa ya mashine kila mtu anaijua. Wangeniuliza natoa wapi, nasaidia nani. Nikavua koti yangu nikafunika. Nikamwambia mama yako, koti nitachukua kesho, leo njia ni mbaya."

Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshalisikia likiwa mabegani mwangu.

"Kesho yake sikuweza kuja. Halafu nikakuona nayo ukienda shule. Nikasema, wacha avae, baridi ni mingi, watanipa."

"Mzee," nikasema.

"Halafu siku ile kwa mzee wa mtaa, ukasimama mbele yangu. Unasema uliniona nikiiba, na koti yangu uko nayo kwa mwili." Aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza, na macho yake hayakuwa ya upole hata kidogo. "Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Wangeangalia ndani ya kola, bibi yangu alikuwa ameshona alama na uzi nyekundu. Wangejua koti yangu ilitoka kwenu aje."

"Mbona hukusema?"

"Wangekuvua pale pale, mbele ya wanaume wote hao. Msichana wa shule. Ningefanya aje?" Akachukua mkongojo wake. "Si ati nilikusamehe. Nilikasirika. Bibi yangu alikufa akiitwa bibi ya mwizi. Hata sasa nimekasirika."

"Ndiyo, mzee."

Alikaa akichora chini na ncha ya mkongojo. Watu walikuwa wanatoka uani wakitupita, wengine wakimpa mkono, wengi zaidi kuliko aliowazoea, naye akiwapa wake.

"Ilikuwa inakutosha?" akauliza.

Nikamwambia lilikuwa kubwa, mama akalipunguza mikono kwa ile mashine.